MOTO KWA JIWE, HAPANA KWA MAJI

Ndugu watumikaji, na ninyi mabibi zetu, tunajua kwamba wengi wenu munachemsha maji mbele ya kuwapa watoto. Munafanya vema. Moto unaua mikrobi ya kolera, ya tifoidi na ya kuhara. Lakini iko sumu moja ambayo moto hauiwezi, nayo ni arseniki. Ile si mikrobi, haina uhai wa kuuawa. Sufuria ikichemka, maji yanatoka kama muvuke, arseniki inabaki. Litri mbili zikipungua na kuwa moja, sumu yote ya zile mbili sasa iko ndani ya hiyo moja.

Macho hayaioni, pua haiisikii, ulimi hauitambui. Mutu anakunywa miaka mingi, kisha ngozi inapata madoa, viganja na nyayo zinakuwa ngumu. Nyuma yake inaweza kuja kansa ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. OMS, Shirika la Afya la dunia, inaomba isipite mikrogramu 10 katika litri moja ya maji.

Arseniki inatembea pamoja na shaba. Huko Kipushi liko jiwe linaloitwa tenantiti: ni shaba, kibiriti na arseniki pamoja. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi, na arseniki pia, kupita wanaokaa mbali. Haina maana kwamba kila kisima kina sumu. Maana yake ni kwamba kisima kinapimwa kwanza.

Bangladeshi walichelewa kupima. Tangu miaka ya 1970 walichimba visima vingi sana ili watu waache maji machafu ya mabwawa. Mwaka 1993 ndipo arseniki ilipotambuliwa ndani ya visima hivyo, na mamilioni walikuwa wamekwisha kunywa. Baadaye pompi zilipakwa rangi: ya kijani, kunywa; nyekundu, acha.

Basi, maji yakipimwa na sumu ikaonekana, tufanye nini? Moto tunaupeleka kwa jiwe. Udongo wetu una chuma nyingi, na chuma hiyo imefunga maji ndani yake, maji ambayo jua haliyatoi. Ukichoma udongo wa manjano kwa digri karibu 300, maji yale yanatoka, udongo unageuka mwekundu, na mahali pake vinabaki vitundu vidogo sana. Maji ya kisima yakipita polepole, arseniki inanasa kwenye chuma ya vitundu hivyo. Boksiti, jiwe la alumini, linachomwa kwa sababu ile ile.

Musifikiri kwamba moto mwingi ni bora. Furu ya matofali inapita digri 800. Hapo vitundu vinazibika. Ndiyo sababu tofali la nyumba lililosagwa halitoshi kwa kazi hii. Tena, udongo usichukuliwe karibu na furu ya kuyeyusha madini, maana moshi umekwisha kuuchafua.

Iko shida nyingine. Katika visima virefu, mahali hewa haifiki, arseniki iko katika hali isiyopenda kushikana na chuma. Javeli kidogo mbele ya kuchuja inaigeuza. Kipimo cha javeli muulize munganga au mutu wa laboratwari, si jirani.

Na chujio linajaa. Likijaa, maji yanatoka meupe vilevile kama siku ya kwanza, na jicho halitakuambia kitu. Laboratwari peke yake itasema, kwa hiyo maji yaliyochujwa yapimwe tena na tena. Udongo wa zamani uliotolewa ndani ya chujio usimwagwe katika shamba la lengalenga, wala mahali watoto wanachezea. Uwekwe katika pipa lenye kifuniko mpaka wahusika wa takataka za sumu waje kuuchukua.