Pampu ya Maji ya Nyumbani: Kuichagua na Kuitunza

Mwanachama akiomba mkopo wa pampu ya maji, aghalabu kamati humuuliza bei yake na namna atakavyolipa. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Pampu isiyofaa huungua kabla ya deni kwisha, na mwanachama anayelipia chombo kilichokwisha kufa hulipa kwa moyo mzito, au halipi kabisa. Hapo hasara huwa ya chama kizima. Kwa hiyo yafaa makatibu na wajumbe waifahamu kazi ya pampu, hata kama wao si mafundi.

Kazi ya pampu

Maji ya bomba ya Magomeni, kama ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Leo yote miwili iko chini ya DAWASA. Mto ukipungua, jiji huona kiu: mwishoni mwa Oktoba 2022 wakazi walipata maji kwa mgao. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba na wapangaji wake, haiwezi kutegemea bomba moja la uani pasipo akiba.

Mpango ulio salama ni wa matangi mawili. Tangi la chini hupokea maji ya bomba kila yanapotoka, hata usiku wa manane. Tangi la juu huyashusha vyumbani kwa uzito wake yenyewe. Kazi ya pampu ni kuyapandisha kutoka tangi la chini hadi la juu, basi.

Haifai kamwe kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba litokalo mtaani. Pampu hiyo hunyonya maji ya majirani. Tena bomba likinyonywa hivyo, maji machafu ya ardhini huweza kupenya katika nyufa na viungo vyake. Wilaya ya Kinondoni, iliyo na Magomeni ndani yake, ndiko kipindupindu cha Agosti 2015 kilikoanzia. Wakazi wake hawahitaji kuambiwa thamani ya maji safi.

Kupima kabla ya kununua

Hesabu huanza na watu, si na dukani. Watu 20 wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, nyumba yahitaji lita 1,000. Tangi la juu na liwe la lita 1,000, na la chini lita 2,000, ili ipatikane akiba ya siku ya pili na ya tatu. Ikumbukwe kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Tangi hilo lisiwekwe juu ya paa la nyumba kuukuu. Lijengewe mnara wake wa nguzo imara.

Kisha upimwe urefu wa kupandisha, tangu maji ya tangi la chini hadi mdomo wa tangi la juu. Ukiwa mita 6 na nusu, iongezwe mita moja na nusu kwa ajili ya msuguano wa bomba na viwiko; jumla mita 8. Kujaza lita 1,000 kwa dakika 40 kwahitaji lita 25 kwa dakika.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kibao cha pampu ndogo huweza kuandikwa mita 40 na lita 40 kwa dakika. Mnunuzi hudhani atapata vyote viwili kwa pamoja. Sivyo. Katika mita 40 pampu hiyo haitoi hata tone. Na lita 40 hutoka pale tu isipopandisha kitu. Kwa mita 8 hadi 10 hutoa kiasi cha lita 30, nayo yatosha kwa nyumba iliyotajwa. Pampu ya nusu nguvu ya farasi, yaani wati 370 hivi, hufanya kazi hiyo kwa kiasi cha theluthi moja ya uniti ya umeme kwa siku. Kununua kubwa zaidi ni kulipia nguvu isiyotumika.

Kwa kisima, sharti ni jingine. Pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata mota yake iwe kubwa namna gani, kwa kuwa kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa. Kina kikizidi hapo, hapana budi kutumia pampu ya kuzamishwa. Tena kisima kifupi kilicho karibu na shimo la choo si cha kunywa.

Matunzo

Adui wa kwanza wa pampu ni kuzunguka bila maji. Sili yake hupozwa na maji. Ikikauka huungua kwa dakika chache. Boya la umeme katika tangi la chini huizima maji yakiisha, na la pili katika tangi la juu huizima likijaa. Bei ya maboya hayo ni ndogo kuliko ya pampu mpya.

Pampu ijengewe kitako cha zege na kibanda, ili mafuriko ya masika yasiifikie, na iwe na waya wa ardhini. Ikivuma bila kuzunguka, izimwe papo hapo: ama kapasita imekufa, ama imekwama kwa kutu. Ikizunguka bila kutoa maji, kiungo cha upande wa kunyonya kitazamwe kama kinaingiza hewa. Ikidondosha maji penye mhimili, sili ibadilishwe kabla maji hayajafika kwenye beringi. Matangi yafunikwe dhidi ya mbu, na yasafishwe kila miezi sita.

Wajibu wa kamati

Kabla ya kuidhinisha mkopo, Katibu aone maandishi ya mambo manne: idadi ya watu, urefu wa kupandisha, ukubwa wa matangi, na bei ya maboya pamoja na kazi ya fundi. Ombi lililotaja bei ya pampu peke yake lirudishwe likamilishwe. Kufanya hivyo si kumnyima mwanachama haki yake, bali ni kumlinda asije akadaiwa fedha za maji asiyoyapata.