New Orleans, mji uliokaa kama hilali

Juzi barazani, kahawa ikizunguka, kijana mmoja alisema New Orleans ni mji wa ngoma na ulevi tu. Nikamwambia, "Mwanangu, usione vyaelea, vyaundwa." Ubishi wetu ulikatizwa na adhana ya magharibi, nami nimeona niumalize hapa pamoja nawe, msomaji mpenzi.

Mji huo uko kusini mwa Marekani, karibu na pale mto Mississippi unapoingia Ghuba ya Meksiko. Mto hapo umejikunja, na mji ukafuata kunjo lile hata ukaitwa Mji wa Hilali. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, na katika miaka ya 1760 ukaingia mikononi mwa Uhispania. Mioto miwili, ya 1788 na 1794, iliteketeza nyumba nyingi. Kwa hiyo ule mtaa uitwao wa Wafaransa ulijengwa upya zaidi chini ya Wahispania, kwa kuta za matofali na nyua za ndani. Mwaka 1803 Napoleon akauuza pamoja na nchi yote ya Louisiana kwa Wamarekani, kwa dola milioni 15.

Lakini wauzaji na wanunuzi hawakuchimba mitaro wala kupandisha kingo za mto. Kazi hiyo waliifanya sana watumwa wa Kiafrika. Wengi wa wale wa mwanzo walitoka Senegambia, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Baadaye mji huu ukawa soko kubwa kuliko yote la watumwa nchini Marekani.

Mmoja aliyepitishwa hapo mwaka 1788 ni Abdul Rahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, mtu aliyesoma. Alipandishwa mtoni hadi Natchez, akauzwa. Mwaka 1826 aliandika barua kwa Kiarabu, na habari zake zikamfikia Sultani wa Morocco, aliyemwombea uhuru. Aliupata mwaka 1828, baada ya miaka 40 utumwani. Mwaka uliofuata akafia Liberia, hajauona tena mji wao wa Timbo. Mola amrehemu.

Na hiyo ngoma aliyoibeza kijana? Jumapili watumwa walikusanyika katika uwanja wa Congo Square kuuza vitu vyao, kupiga ngoma na kucheza michezo ya kwao. Mwaka 1817 baraza la mji liliamuru wakusanyike mahali pamoja tu. Kutokana na urithi huo na mengine mengi ndipo jazi ilipozaliwa, na Louis Armstrong, aliyezaliwa hapo 1901, akaivumisha duniani. Hata mchuzi wao mashuhuri, gumbo, jina lake husemwa latokana na neno la Kibantu la bamia.

Watu wa mji huo waliochanganya damu na lugha huitwa Krioli. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, niliyeulizwa mara nyingi, "Hasa kabila lako nini?", nawaelewa. Mmoja wao, Homer Plessy, alikamatwa mwaka 1892 kwa kuketi kwenye behewa la Wazungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilimshinda mwaka 1896, na ubaguzi ukapata nguvu ya sheria kwa zaidi ya nusu karne. Msamaha wa serikali ulimjia mwaka 2022, naye yu kaburini zamani.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani ya Katrina ilipiga. Kuta za kuzuia maji zikavunjika, na sehemu 80 katika kila 100 za mji zikafunikwa. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika janga hilo. Maskini wasio na magari ndio waliokwama, wengi wao weusi, na maelfu waliohama hawakurudi. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu zaidi ya 627,000. Mwaka 2020 walihesabiwa wapatao 384,000.

Hilo ndilo linaloniuma. Nyumba ya matofali hutengenezwa tena, na mgeni akaja kuipiga picha. Lakini wajukuu wa waliopiga ngoma uwanjani wakitawanyika, mapishi na misemo yao atairithi nani? Mji ni watu. Kijana wangu, kesho njoo barazani, kahawa ni juu yangu.