Shahada ya Kuzamia na Adabu ya Pumzi

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wamezamia tangu dahari, wakifuata kamba na pweza miambani, na miongoni mwa wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi walikuwamo wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii; na elimu ya wote hao, wa huku na wa kule, ilisimama juu ya jambo moja, nalo ni kubana pumzi. Basi kijana aliyefuzu mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, akapewa shahada yake na ruhusa ya kushuka hadi mita 18, lazima ajue kabla ya yote kwamba mazoea hayo aliyoyarithi, yaliyokuwa salama ya wazee wake, kwake yeye yaweza kuwa mauti.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mzamiaji asiye na mtungi hushuka na hewa aliyoivuta juu. Maji huibana kifuani mwake, na apandapo hurejea katika kiasi chake cha awali, wala haizidi. Mwenye mtungi sivyo: kifaa kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan humpa hewa yenye kani iliyo sawa na ya maji yanayomzunguka, yaani maradufu ya ile ya juu akiwa katika mita 10, na mara tatu akiwa katika mita 20. Akiibana hewa hiyo na kupanda nayo, hutanuka, na ikikosa njia hupasua mapafu. Tena isidhaniwe kuwa hatari hiyo imo kilindini tu, kwani kutoka mita 30 hadi 20 hewa huongezeka kwa thuluthi, ilhali kutoka mita 10 hadi juu huwa maradufu; ni pale mwangani, ambapo mgeni hujiona amekwisha fika, ndipo impasapo kuvuta na kutoa pumzi kwa utaratibu zaidi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iamuayo muda wa kukaa chini. Mtungi wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi bar 200, huwa na lita 2,200 hivi za hewa kwa kipimo cha juu. Mtu atumiaye lita 20 kwa dakika akiwa mashuani atatumia 60 katika mita 20, na mtungi wote ungekwisha kabla ya dakika 37. Wala hana ruhusa ya kuumaliza, kwa kuwa desturi ni kufika juu ungali na bar 50. Na huyo ni mtu aliyetulia, siye mgeni apigaye maji kwa mikono na kuhangaikia miwani yake. Wengi huona haya kumwonyesha kiongozi wao kwamba hewa yao inapungua mapema kuliko ya wenzao, wakanyamaza wasije wakaikatisha safari ya jamaa. Haya hiyo iachwe nchi kavu.

Kabla ya kuingia majini, tia kifaa mdomoni, uvute pumzi mara tatu nne, macho yako yakiwa juu ya geji. Mshale ukitulia, vema. Ukishuka kila uvutapo na kurudi kila uachapo, valvu ya mtungi haikufunguliwa sawasawa, na hewa ikutoshayo juu itakupungukia chini.

Juu ya vipande vya risasi vifungwavyo kiunoni, aghalabu wageni hupewa vingi mno, kisha hujaza hewa katika koti lao la kuelea ili wasizame, wakaning'inia miguu chini wakivuruga mchanga na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Huzuni ilioje! Walakini kupunguza nako kuna kipimo chake, maana hewa nayo ina uzito, na zile lita 2,200 hupita kilo 2 na nusu. Aliyelingana barabara mwanzoni, mtungi ukiwa umejaa, huinuliwa na maji mwishoni, wakati ule hasa anapotakiwa kutulia.

Fauka ya hayo, shahada iliyopatikana katika maji tulivu haimfundishi mtu bahari ya Pemba, yenye kuta za matumbawe zishukazo ghafla, na milango baina ya visiwa vidogo ambamo maji hupita kwa nguvu, hasa siku za bamvua. Mgeni achague siku za maji mafu, na akiweza wakati wa tanga mbili, pepo zinapopumzika baina ya kaskazi na kusi. Amwulize nahodha wa pale, na amsikilize. Na moyo wake ukikataa, hata akiwa amekwisha vaa, ana haki ya kubaki chomboni, wala asitake udhuru wa kuwaridhisha watu.

Ama kupanda, kuna taratibu yake. John Scott Haldane, mwanachuoni wa Uingereza, alitoa majedwali yake mwaka 1908 baada ya majaribio juu ya mbuzi, akabainisha kwamba naitrojeni iingiayo mwilini kilindini hutaka muda kutoka, na mtu akipanda upesi hugeuka mapovu yaletayo maumivu ya viungo, kupooza, hata kufa. Kwa hiyo mwendo usizidi mita 9 kwa dakika, na katika mita 5 husimamwa dakika 3. Kadhalika ndege isipandwe kabla ya saa 12 kupita baada ya mbizi moja, au 18 baada ya mbizi kadhaa, jambo ambalo wasafiri wa Unguja husahau wanaponunua tiketi ya alfajiri.

Dalili za maradhi hayo huweza kukawia saa kadhaa: ganzi, viungo kuuma, uchovu usio wa kawaida. Aliyepatwa asijifariji kuwa amelala vibaya. Apewe oksijeni safi, afikishwe kwa tabibu upesi. Basi mashua ingali gatini, uliza kama oksijeni imo, na chumba cha kutibia wazamiaji kilicho karibu kiko wapi.