ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Kila mwaka Chama cha Kimataifa cha Elektrokemia, kilichoasisiwa mwaka 1949, huwakusanya wataalamu wa dunia kuzungumza juu ya elimu inayochunguza jinsi umeme unavyobadili vitu, na jinsi vitu vinavyozaa umeme. Mkutano wake mwingine unakaribia. Wako watakaosema kuwa habari hii haimhusu mfanyakazi, kwani ni mambo ya mabingwa na chupa zao. Sisi twakataa.

Kwanza, elimu hii haikujengwa na mabwana wakubwa peke yao. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga visahani vya madini ya namna mbili, akavitenga kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na umeme ukapita. Baada yake akatokea Michael Faraday wa Uingereza, mtoto wa mhunzi, mwanagenzi wa kujalidi vitabu, aliyejielimisha kwa kuvisoma vitabu alivyopewa kuvishona. Ndiye aliyethibitisha, katika miaka ya 1830, kwamba kiasi cha kitu kinachobadilika hufuata kiasi cha umeme kilichopita ndani yake. Kwa kanuni hiyo shaba husafishwa viwandani, na alumini ya sufuria zetu hupatikana.

Pili, elimu hii imekwisha kuingia katika ardhi yetu na ya jirani zetu. Betri ya lithiamu, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1991 na leo imo katika kila simu ya mkononi, ina ncha mbili. Ncha hasi aghalabu hutengenezwa kwa kinywe, madini yanayopatikana Mahenge na Ruangwa. Ncha chanya, katika betri nyingi, huhitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi, ambako wachimbaji huitana kwa Kiswahili. Mwaka 2019 mabingwa watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya betri hiyo. Walistahili, wala hatuwaonei kijicho.

Lakini yatupasa kuona mbele. Mwaka 1997 Goodenough huyo huyo na wenzake walitangaza ncha chanya ya namna nyingine, iliyofanywa kwa chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata chembe. Leo magari mengi ya umeme, hasa ya China, yanaendeshwa kwa betri za namna hiyo. Wengine wanaunda betri za sodiamu, kitu kilichomo katika chumvi ya kawaida. Maana yake ni wazi: neno linalosemwa katika ukumbi wa wataalamu laweza, baada ya miaka michache, kupandisha au kushusha thamani ya jasho la mtu aliye shimoni.

Wala bei haingojei uvumbuzi peke yake. Februari 2025 Serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, kwa kuwa soko lilikuwa limefurika na bei imeporomoka. Oktoba mwaka huo ikaweka viwango maalumu vya kuuza nje. Nchi inayouza udongo tu hubaki ikihangaika na bei iliyopangwa na wengine.

Je, tuombe elimu isimame ili kobalti ipate wanunuzi? La, hasha. Kazi ya mashimo yale ni ya hatari, na hata watoto wamekutwa humo. Betri iliyo nafuu ni neema kwa kila kijiji kinachotaka taa. Tunachodai ni kwamba watu ambao ardhi yao yatoa madini wawe na sauti katika elimu inayoyatumia.

Mwaka 2019 mkutano wa chama hiki ulifanyika Durban, Afrika ya Kusini. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini kuwa mwenyeji wa wiki moja hakutoshi. Vyuo vyetu vikuu havina budi kuwapeleka vijana wenye kazi za kuonyesha, si watazamaji. Kinywe lazima kisafishwe sana na kuumbwa upya kabla ya kuingia katika betri, na faida kubwa imo katika kazi hiyo. Basi kazi hiyo tuitake ifanyike hapa. Na vyama vya wafanyakazi viulize mapema: migodi ikipungukiwa na wanunuzi, wachimbaji watafundishwa kazi gani?

Maswali haya yaulizwe sasa, kabla mlango wa mkutano haujafungwa. Bei ikishaanguka, muulizaji hupata jibu moja tu: umechelewa.