Sosio: Kozi ya Kusoma Mtaa Yako

Ukishow watu wa ocha unasoma Sosio, yaani sosholojia, swali ni ileile: "Sasa ukimaliza unakuwa nani?" Msee wa sheria atakuwa wakili, wa udaktari atakuwa daktari, stori imeisha. Wewe unatafuta jibu ya haraka na haiko. Alafu kuna wale waliomba kitu ingine, KUCCPS ikawaweka Sosio, na wanaingia darasa ya kwanza wakiwa washakata tamaa. Hii stori ni yenu. Pia ni ya mtu bado ako shule na anafikiria kuijaza. Mimi nadai hivi: kwa msee ametoka mtaa, hakuna kozi iko karibu na maisha yake kama hii, na mtaa yake inamhitaji aisome vipoa.

Shida yako iko na wenzake

1959 profesa wa Marekani, C. Wright Mills, alitoa kitabu inaitwa The Sociological Imagination. Anasema kuna shida ya mtu binafsi na kuna shida ya jamii, na kazi ya Sosio ni kuona vile hizo mbili zimeshikana.

Leta hiyo kwa base yenu. Kama ni msee mmoja hana job na wengine wote wanatokanga asubuhi, unaweza muuliza anaamkanga saa ngapi. Lakini kama base nzima iko na makaratasi na bado mnashinda hapo hadi giza, kutafuta nani ni mvivu ni kupotezeana taimu. Maswali yanabadilika. Kazi ziko wapi? Nani anapewa, na anapewa na nani? Manze, kuna vijana wengi sana wanajichukia ju ya kitu hawakusababisha. Ukielewa Mills unaacha kujichapa, na unajua swali yako unaipeleka wapi.

Simama steji uangalie

Ingia tao jioni, watu wakitoka job, na usipande mathree. Cheki tu. Kuna nganya imebakisha siti mbili, kange anagonga bodi, "wawili wa haraka, tunatoka!" Abiria wawili wanaruka ndani. Wakishakaa, buda wa kwa dirisha anashuka. Siti yake ikijazwa, dem mwenye alikuwa ameinamia simu naye anashuka. Hao wawili hawakuwa wanaenda mahali. Wamelipwa kukaa hapo ndio gari ikae imejaa. Angalia vile wanashuka: mmoja mmoja, bila haraka, hakuna mwenye anamwangalia kange. Wanajua kazi yao.

Erving Goffman, Mkanada, alitoa The Presentation of Self in Everyday Life, na anasema watu wanaigiza kila siku, kuna mbele ya watazamaji na kuna nyuma ya pazia. Mengi aliyaona Shetland, huko Uskoti, akicheki wafanyakazi wa hoteli wakijibeba kivingine mbele ya wageni na kivingine wakirudi jikoni. Unaweza mkariri juu ya CAT, lakini hapo steji ndio utamuelewa.

Na usiishie hapo. Mvua ikinyesha, nauli ya finje inakuwa soo, na watu wanalipa. Nani ameamua? Mbona steji yote inapandisha dakika ileile? Nani angewazuia, na ako wapi? Hapo uko na soko, nguvu na serikali mahali pamoja.

Nani ameandika mtaa yetu?

1972 wataalamu wa ILO, shirika la kazi la kimataifa, waliandika ripoti kubwa kuhusu kazi na mapato Kenya. Waliangalia mafundi na wachuuzi, watu wenye serikali ilikuwa inawafukuza, wakasema hawa wanazalisha na wanajitegemea. Hiyo ripoti ilisaidia dunia ianze kubonga kuhusu sekta isiyo rasmi. Poa sana. Lakini fundi wa jua kali alikuwa anajua hiyo kitu kitambo.

Sasa chukua Kibera. Kwa miaka mingi ilikuwa inatajwa kuwa na watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Hiyo tofauti ni kubwa mno, na ina madhara, ju namba ndio inaamua mahali panahitaji vyoo ngapi na kliniki ngapi, na doh inaingia kwa jina ya nani. Mwaka huohuo, vijana wa Kibera kwa mradi wa Map Kibera walishika GPS wakatembea vichochoroni, wakaweka kwa ramani mabomba ya maji, vyoo, shule na kliniki. Kabla ya hapo, ramani za mtandao zilikuwa zinaacha hapo kwao peupe. Kilichobadilika ni nani ameshika kalamu.

Wewe uko na kitu mgeni hana. Unabonga Sheng, na mathe wa mboga hatakuogopa. Lakini kuzaliwa mtaa haitoshi. Inaweza kukudanganya unajua kila kitu, hata chenye hujawahi kuuliza.

Usikwepe takwimu

Ndio maana yuniti za mbinu za utafiti na takwimu ni za maana kuliko zote. Kuna masee wanazikwepa, alafu mwaka wa nne wanalipa mtu awaandikie projekti. Ukifanya hivyo umejinyima kozi yenyewe.

Jifunze kuuliza. Ukimuuliza mathe wa mboga anapata pesa ngapi kwa mwezi, atakupea namba ya kukuridhisha, ju yeye hahesabu na mwezi. Muulize jana alinunua sukuma ya ngapi, akauza ya ngapi, ngapi ikanyauka, nani alichukua deni, nani wa kaunti alipita akataka yake. Hapo uko na data. Na kabla ya yote omba ruhusa. Ficha jina yake. Ukimaliza, rudi umshow ulipata nini.

Hiyo skilli ndio inakuuza pia. Ofisi ya takwimu ya KNBS, makampuni ya utafiti, kaunti, mashirika, idara ya probesheni, wote wanahitaji mtu anaweza kuuliza, kuhesabu, na kuandika ieleweke. Kazi ni ngumu kupata, hiyo hatufichani. Ukiwa na makaratasi bila skilli, itakuwa ngumu zaidi.

Kwa hivyo anza mapema. Mwaka wa kwanza, chagua kitu moja yenye inasumbua mtaa yenu: maji, bei ya keja, vijana wanachukuliwa na makarao usiku. Kila yuniti ukifunzwa, ipeleke hapo. Weka notbuku, weka tarehe, weka namba. Ukifika mwaka wa nne utakuwa na projekti yenye unaweza weka mezani kwa MCA, na watu wa mtaa waisimamie, ju wanajua uliwaskiza.