Mbona picha inayong'aa kwenye simu hugeuka giza ikichapishwa?

FAMILIA inapofiwa, mojawapo ya kazi za mwanzo huwa ni kutafuta picha ya marehemu. Picha hiyo ndiyo itakayopamba jalada la kijitabu cha mazishi, tangazo la tanzia gazetini na ukurasa wa mtandao ambao jamaa walio mbali watautazama.

Aghalabu picha nzuri hupatikana kwenye simu ya mmoja wa watoto. Hutumwa kwa WhatsApp hadi kwa mchapishaji, na siku mbili baadaye vijitabu hurejeshwa vikiwa na uso mweusi tititi, usioonyesha macho wala tabasamu. Kufikia hapo, hakuna fedha wala muda wa kuchapisha upya.

Lawama zote huelekezwa kwa mashine. Hata hivyo, mara nyingi mashine haina hatia. Kosa huwa limetendeka mapema, katika uteuzi wa muundo wa faili na katika jinsi rangi zilivyogeuzwa kutoka kwa mwanga hadi kwa wino.

Mwanga na wino

Kiwambo cha simu au tarakilishi hutoa mwanga. Kila nukta yake ndogo, yaani pikseli, huwa na taa tatu: nyekundu, kijani na samawati. Zikiwaka zote kwa nguvu kamili, jicho huona rangi nyeupe. Zikizimika zote, huona nyeusi. Mfumo huu hujulikana kwa herufi RGB.

Karatasi, kwa upande wake, haitoi mwanga. Hurudisha tu ule unaoiangukia, na kazi ya wino ni kuzuia sehemu ya mwanga huo isirudi. Wachapishaji hutumia wino wa rangi nne: sayani, ambayo ni samawati inayokaribia kijani; majenta, iliyo kati ya waridi na zambarau; manjano; na nyeusi. Mfumo huo huitwa CMYK. Kinadharia, rangi tatu za kwanza zikichanganywa zingetoa weusi. Kwa kweli hutoa hudhurungi chafu, na ndiyo sababu wino mweusi ukaongezwa.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Kijani king'aavu, samawati kali na rangi ya machungwa iwakayo kama moto huonekana vizuri kwenye kiwambo, lakini hakuna mchanganyiko wa wino hizo nne unaoweza kuzifikia. Mteja anayedai kitambaa cha marehemu kitokee karatasini kama kinavyong'aa kwenye simu anadai jambo lisilowezekana.

Kuna tatizo jingine. Faili ya picha huhifadhi nambari tu, na nambari zenyewe hazisemi ni wekundu gani hasa uliokusudiwa. Vifaa viwili vinaweza kupewa nambari moja na kila kimoja kikaonyesha wekundu wake. Ili kuleta maelewano, kampuni kadhaa ziliunda mwaka wa 1993 jopo la kimataifa la rangi, ICC, ambalo viwango vyake hutumiwa kuandaa profaili. Hii ni maelezo madogo yanayopachikwa ndani ya faili ili kukieleza kila kifaa jinsi ya kuzifasiri nambari hizo.

Profaili inayotumika zaidi mtandaoni ni sRGB, iliyobuniwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka wa 1996. Wapiga picha wengine hupendelea Adobe RGB ya mwaka wa 1998, ambayo hubeba rangi nyingi zaidi, hasa za kijani. Lakini picha ya Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili, huonekana chapwa, kana kwamba imefuliwa. Kwa hivyo, picha inayokwenda mtandaoni yafaa igeuzwe kuwa sRGB kwanza.

Kila chombo kwa wimbile

Miundo ya faili ni mingi kwa sababu kila mmoja ulibuniwa kwa kazi yake. JPEG, uliokamilishwa mwaka wa 1992, ni wa picha za kamera. Huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa maelezo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kwa njia hiyo, faili hupungua hadi sehemu ndogo ya ukubwa wake wa awali.

Kilichotupwa hakirudi. Tena, kila mara picha ya JPEG inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya, hutupwa kingine. Picha iliyopita mikononi mwa jamaa kumi, kila mmoja akiikata na kuituma tena, huwa na miraba inayoonekana wazi shavuni. Muundo huu haufai pia kwa nembo na maandishi, kwani huacha uchafu kama vumbi kandokando ya herufi.

GIF, wa mwaka wa 1987, hauwezi kubeba zaidi ya rangi 256. Unatosha kwa michoro sahili na vikatuni vinavyosogea, lakini uso wa binadamu ndani yake hugeuka madoadoa. PNG, uliotolewa mwaka wa 1996, hubana faili bila kutupa chochote na huruhusu sehemu za picha ziwe wazi kama kioo. Ni chaguo jema kwa nembo inayowekwa kwenye tovuti. Hata hivyo, PNG hauna nafasi ya mfumo wa CMYK, kwa hivyo hauwezi kubeba picha iliyokwisha kugawanywa kwa wino nne.

Kwa matbaa, muundo wa jadi ni TIFF, ulioanza mwaka wa 1986. Unaweza kuhifadhi kila pikseli bila hasara, na unaukubali mfumo wa CMYK. Gharama yake ni ukubwa: ukurasa mmoja wa A4 wenye pikseli 300 kwa kila inchi, ukiwa na rangi nne na bila kubanwa, huwa na takriban megabaiti 35.

Nembo za shule, makanisa na vyama vya ushirika zingepaswa kuhifadhiwa kwa miundo ya michoro ya mistari, mathalani SVG, EPS au PDF. Humo mchoro haufanywi kwa pikseli bali kwa hesabu za mistari na mipindo. Nembo ya namna hiyo yaweza kuchapishwa kwenye kadi au kwenye bango la ukuta mzima bila kupoteza makali yake.

Kuna pia miundo ya karibuni. WebP wa Google ulizinduliwa mwaka wa 2010, na AVIF ukafuata mwaka wa 2019. Yote miwili hupunguza ukubwa wa faili kuliko JPEG. Tangu mwaka wa 2017, simu za iPhone zimekuwa zikihifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao programu nyingi za zamani haziufungui. Mchapishaji akilalamika kwamba picha "haifunguki", yamkini hiyo ndiyo sababu.

Hesabu ya pikseli

Kwa uchapishaji bora kwenye karatasi laini, kanuni ya kawaida ni pikseli 300 kwa kila inchi. Jalada la kijitabu cha A5 likijazwa na picha moja, huhitaji pikseli zipatazo 1,748 kwa 2,480. Picha yenye pikseli 1,600 kwa 1,200 itatosha upana wa sentimita 13.5 pekee, ikivutwa zaidi ya hapo, huanza kuwa na ukungu. Kwenye karatasi ya gazeti, ambayo ni kavu na yenye nyuzi, pikseli 200 kwa inchi hutosha.

Hapa ndipo WhatsApp inapoharibu mambo. Programu hiyo hubana picha na kuipunguza pikseli ili isafiri upesi. Dawa ni nyepesi: picha itumwe kama hati, au kwa baruapepe, nayo itafika jinsi ilivyo.

Mtandaoni, hesabu ya inchi haina maana; kinachohesabiwa ni pikseli zenyewe. Upana wa pikseli 1,200 hadi 2,000 hutosha kurasa nyingi. Kupakia faili ya megabaiti tano mahali panapotosha kilobaiti 200 ni kumtoza msomaji bando lake bila faida.

Uso na heshima yake

Wino unapoangukia karatasi ya gazeti, husambaa kama maji kwenye mchanga. Nukta iliyokusudiwa kufunika asilimia 50 ya sehemu yake hutokea ikiwa imefunika zaidi ya asilimia 70. Rangi zote hukoza, na wanaoumia zaidi ni watu wenye ngozi nyeusi, kwa sababu maumbile ya nyuso zao yamo katika eneo hilo hilo la picha linalozama gizani.

Historia nayo haikuwasaidia. Kwa miongo kadhaa, maabara za filamu nchini Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizojulikana kama "Shirley", zilizokuwa na picha za wanawake Wazungu. Ni katikati ya miaka ya 1990 ambapo Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Juni 1994, jarida la Time lilichapisha jaladani picha ya polisi ya O.J. Simpson iliyokuwa imetiwa giza na msanii. Newsweek ilitoa picha hiyo hiyo bila kuibadilisha. Magazeti hayo mawili yalipokaa pamoja kwenye rafu, kila mpita njia aliona tofauti, na Time ikalazimika kuwaeleza wasomaji wake.

Fundi mwema hamweupishi mtu, wala hamtii giza. Huinua tu sehemu za kivuli ili macho, mashavu na nywele vionekane hata baada ya wino kusambaa, huku rangi ya ngozi ikibaki ya mwenyewe.

Hatua za kufuata

Kwanza, picha asilia ihifadhiwe bila kuguswa, na kazi ifanywe kwenye nakala. Pili, marekebisho yote yafanywe katika RGB, na kugeuza kuwa CMYK kuwe hatua ya mwisho. Tatu, mchapishaji aulizwe ni profaili gani inayoifaa mashine na karatasi yake, kwani picha iliyoandaliwa kwa karatasi inayong'aa haifai gazeti.

Sababu ni kiasi cha wino. Jumla ya wino nne, kila mmoja ukiwa asilimia 100, ni asilimia 400. Karatasi ya gazeti hustahimili takriban asilimia 240. Ikizidi hapo, wino haukauki na huchafua ukurasa wa pili. Maandishi nayo yachapishwe kwa wino mweusi pekee. Yakichanganywa rangi nne, mtikisiko mdogo wa karatasi huyaachia vivuli vyekundu na samawati.

Mwisho, nakala moja ya majaribio ichapishwe kwenye karatasi ile ile itakayotumika na itazamwe mchana, karibu na dirisha, na mtu aliyemjua marehemu. Kiwambo cha fundi, hasa kikiwa kimeongezwa mwanga hadi mwisho, hakiwezi kuwa shahidi. Nakala hiyo ya majaribio haigharimu mengi. Vijitabu 500 vilivyoharibika hugharimu zaidi ya fedha, kwani ndivyo vitakavyowekwa kabatini na wajukuu.