Mguu unaokubana njiani unapimika, usisingizie uzee

KIGALI. Tangu mwaka 2021, mitaa ya Biryogo iliyofungwa kwa magari imejaa meza, viti na wanywaji wa chai. Mtu akisimama ghafla njiani hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo ni rahisi kutomtambua mzee anayesimama kwa sababu shavu la mguu limembana. Husalimia watu kidogo, maumivu yakaisha, akaendelea. Baada ya umbali uleule, yanarudi.

Wengi husingizia uzee au vilima vya Nyamirambo. Lakini maumivu yanayoanza kwa kutembea na kukoma kwa dakika chache za kupumzika ni dalili inayojulikana ya ateri za miguu kuwa nyembamba. Sigara na kisukari ndivyo vinavyoongoza kuileta, vikifuatwa na shinikizo la damu na lehemu nyingi.

Kujua mishipa imeziba kiasi gani hakuanzi na mashine kubwa. Mgonjwa hulala chali, akapimwa shinikizo la juu la damu mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu kwa msaada wa kifaa kidogo cha doppla kinachosikiliza damu ikipita. Namba ya mguu hugawanywa kwa ya mkono. Mkono ukiwa na 140 na mguu 84, jibu ni 0.6. Kuanzia 1.0 hadi 1.4 ni kawaida, 0.9 kushuka ni ugonjwa. Chini ya 0.4 hali ni mbaya.

Kuna mtego hapa, hasa kwa wenye kisukari. Ateri zao zinaweza kuwa ngumu kiasi kwamba mpira wa kipimo hauzibani, na jibu likapita 1.4. Namba hiyo kubwa si habari njema. Hapo hupimwa kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake midogo haigandi kirahisi hivyo.

Namba pekee haitoshi, daktari huuliza pia umbali. Mwaka 1954 daktari mpasuaji Mfaransa René Fontaine alipanga hatua nne. Ya kwanza haina dalili. Ya pili ni maumivu ya kutembea: anayevuka mita 200 kabla ya kusimama yuko 2a, asiyefika yuko 2b. Ya tatu mguu huuma hata mtu akiwa amelala, naye huuning'iniza kando ya kitanda apate nafuu. Ya nne ni kidonda kisichopona au nyama kufa.

Wengine hutumia mpango wa Rutherford wa Marekani, unaohesabu 0 hadi 6. Kwa mgonjwa anayevuka mpaka na barua ya rufaa jambo hili si dogo: 4 ya Rutherford ni hatua ya tatu ya Fontaine, si ya nne. Afadhali barua itaje mpango uliotumika.

Hatua ya pili hutibiwa kwanza kwa kuacha sigara, dawa, na kutembea kwa mazoezi hadi maumivu yaje, kupumzika, kisha kuendelea, mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Ya tatu na ya nne hazisubiri, kwani mguu wenyewe uko hatarini.

Siku za Kigali bila magari hutoa vipimo vya bure vya shinikizo na sukari. Anayebanwa na mguu amweleze mpimaji husimama baada ya hatua ngapi.